Ndama Aliyezikwa Migombani

Nilipokuwa mtoto, kuchemsha maziwa nyumbani kwetu lilikuwa kosa kubwa kuliko kuiba. Mwizi alichapwa, akalia, yakaisha. Lakini aliyechemsha maziwa alikuwa ameumiza ng'ombe. Bibi yangu mzaa baba alitufundisha kwamba maziwa yakiguswa na moto, ng'ombe aliyeyatoa anaungua titi huko huko malishoni, chuchu zinapasuka, na kama ana mimba anaitupa. Kwa hiyo tuliyanywa mabichi, yakiwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe mwenyewe, au tuliyagandisha kwenye kibuyu. Sikumbuki mtu yeyote aliyemwuliza Bibi amejuaje.

Kijiji chetu sitakitaja jina. Kipo kwenye milima ya Kasulu, mbele kidogo ya Nyakitonto, na wengi wa waliokuwepo siku ile bado wapo. Nikikitaja watanifuata kuniuliza kwa nini nafukua mambo yaliyokwisha, wakati mimi najua hayajaisha.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu hunitania kwamba hata mvua ikinyesha nauliza nani kaileta. Simkatalii. Nililelewa mahali ambapo hapakuwa na jambo lisilo na mwenyewe: mtu akianguka, kuna aliyemwangusha; mihogo ikioza, kuna aliyeipita jioni akaitazama vibaya. Tabia hiyo haitoki kwa kwenda shule. Nimesoma mpaka nikawa mwalimu, na bado mgeni akinisifia mtoto wangu moyo wangu unaruka.

Baba yangu, Mathayo, alilima maharage, akafyatua matofali wakati wa kiangazi, na alikuwa na ng'ombe watatu. Aliyempenda kuliko wote aliitwa Gaju, kwa sababu ya rangi yake nyekundu. Gaju hakununuliwa. Alitoka kwa Mama Yusta, jirani yetu mjane, ambaye alimgabira, yaani alimzawadia, baba mtamba huyo baada ya baba kumfyatulia matofali na kumjengea nyumba, mumewe alipofariki. Kwetu mtu akikugabira ng'ombe hajakupa maziwa tu, amekupa undugu, na undugu huo una masharti yake. Ng'ombe akizaa, aliyekugabira anaambiwa kwanza. Akizaa mfu, yeye ndiye anayeitwa kuona, na yeye ndiye anayekizika kilichokufa katika ardhi yake mwenyewe, ili hasara iwe yenu wote wawili.

Sasa nije kwa mama yangu. Mdogo wangu Tito alipokuwa wa kutambaa, tumbo lilimsumbua sana, na siku ya kliniki nesi mmoja mgeni, aliyetoka mikoa ya mbali, aliwaambia akina mama wachemshe maziwa ya watoto. Wenzake walicheka. Mama hakucheka. Kuanzia siku hiyo alikuwa na kisufuria chake cha siri. Bibi macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, alikuwa haoni ila ukungu, lakini pua yake ilikuwa nzima, kwa hiyo mama alichoma gunzi la mahindi jikoni ili harufu ya maziwa ipotee. Kazi yangu mimi, nikiwa na miaka tisa, ilikuwa kusimama mlangoni na kukohoa Bibi akitokea.

Baba alijua. Alijifanya hajui. Mke wa kwanza wa baba mdogo alirudishwa kwao Buhigwe kwa kosa hilo hilo, na watoto wake wawili wakabaki kwetu wakilelewa na yeyote aliyekuwa na nafasi. Niliwaona wanavyoishi. Ndiyo maana nilikohoa kwa bidii.

Halafu Gaju akatupa mimba.

Bibi alikuwa Rungwe Mpya kwenye msiba, kwa shangazi. Ndama alitoka kabla ya miezi yake, hana uhai, ana manyoya machache, na kondo la nyuma likakwama. Baba aliingiza mkono akalivuta. Mikono yake wakati wa matofali ilikuwa imejaa mipasuko, nakumbuka alinawa baadaye kwa maji matupu, akajipaka mafuta ya kupikia, akakaa chini ukutani. Mama alikuwa amesimama na Tito mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshahesabu: kisufuria, moto, mimba. Bibi alisema, na imekuwa. Nilimtazama mama yangu kama mtu ninayemwona kwa mara ya kwanza, na nikamwogopa kidogo.

Mama Yusta aliitwa, kama masharti yanavyotaka. Walisemezana na baba uani, sauti zikiwa chini, na nilimsikia baba akitaja kisufuria. Mama Yusta alimtazama mama kwa muda, akasema, "Mwacheni. Mtoto alikuwa anaumwa." Akamfunga ndama kwenye majani ya mgomba, akambeba. Nilimfuata bila kuitwa. Nyuma ya nyumba yake, katikati ya migomba, alichimba shimo kwa jembe, jua likiwa linaelekea kuzama, na alipomweka chini majani yalifunguka upande mmoja nikaona kwato. Zilikuwa ndogo na laini, hazijawahi kukanyaga ardhi. Mama Yusta aliinua kichwa akaniona.

"Ade, mbona umejificha? Njoo au nenda," alisema.

Nikakimbia.

Bibi aliporudi baba alimwambia kwamba tulijidanganya wote, Gaju hakuwa na mimba, lilikuwa tumbo la majani tu. Bibi ndiye aliyekuwa amempapasa Gaju tumbo miezi ile na kusema ana mimba, na mikono ya Bibi haikuwahi kukosea ng'ombe. Alikula, akanawa, akaenda kulala bila kumuaga mtu. Tangu siku hiyo akawa anasikiliza kila kitu nyumbani mwetu, hata mlio wa vifuniko vya sufuria.

Baada ya wiki chache baba alianza kuumwa. Mwanzo hatukujali, maana homa kwetu ni mgeni wa kila mwaka. Alikwenda zahanati akapewa mseto wa malaria, akamaliza, akapata nafuu ya siku nne, ikarudi. Akapewa tena. Akaambiwa labda ni taifodi, akanywa vidonge vya taifodi. Homa ilikuja jioni, ikamtikisa, halafu ikamtoa jasho mpaka mkeka ukalowa, asubuhi akaamka kama mzima lakini mgongo haunyooki. Wiki nzima inamwacha, tunamshukuru Mungu, kisha inarudi. Mwezi wa tatu wa ugonjwa suruali yake ilikuwa inafungwa kwa kamba. Mtu aliyekuwa akifyatua matofali kutwa nzima alikuwa anapumzika mara mbili kati ya nyumba na choo.

"Homa inayojua kwenda na kurudi ni homa ya kutumwa," Bibi alisema.

Hakuna aliyembishia. Mimi mwenyewe nilikuwa na vijihoma vya jioni na magoti yaliuma, Bibi naye alilalamika kiuno, lakini nani angetuhesabu sisi? Bibi ni mzee, mimi ni mtoto ninayekua. Mzima kabisa nyumbani alikuwa Tito peke yake, mnene, anacheka, na hata hilo lilitiliwa shaka. Nilimsikia jirani akimnong'oneza mwenzake kwamba mtoto akinawiri wakati baba yake anakauka, ujue kuna kitu. Kila aliyekuja kumjulia hali baba aliondoka akiwa ameacha jina la mtu. "Kikulacho ki nguoni mwako," walisema wakitikisa vichwa, na mama alikuwa akisikia huku anasonga ugali, mgongo umewageukia.

Naona leo jinsi alivyokuwa akiishi miezi ile. Aliendelea kumchemshia Tito, kwa sababu angeacha Tito angeumwa, na kila sufuria ilipotokota aliamini moto uleule uliomtupisha Gaju mimba sasa unamuua mume wake. Aliwahi kuniambia, nikiwa mtu mzima, kwamba kuna siku alichemsha huku analia, machozi yakaingia kwenye maziwa, akayamwaga akaanza upya.

Siku moja mchana Bibi aliniita nimkune mgongo. Nilipokuwa namkuna akasema polepole, kwa Kiha, kwamba watu wazima wa nyumba hii wanamficha kitu kwa sababu haoni. "Lakini wewe ndiye macho yangu, Ade. Mwanangu anakufa. Wewe umeona nini?"

Mtoto wa miaka tisa afanye nini na swali kama hilo? Nilikuwa na mambo mawili niliyoyaona, na moja lilikuwa la mama. Nikatoa lingine. Nilisema, "Nilimwona Mama Yusta anazika kitu migombani. Kimefungwa majani."

Bibi akaushika mkono wangu. "Lini?"

"Ulipokuwa Rungwe Mpya."

Sikusema ni nini. Bibi hakuuliza, na nilijiambia kwamba kwa kuwa hakuuliza, sikuficha.

Wale wa Kigoma wanajua kamchape ni watu gani. Kwa asiyejua: ni kikundi cha vijana wanaoitwa vijijini kuwatoa wachawi, wana ngoma, wana kioo, wanachimba majumbani mwa watu na kuinua pembe, chupa, nywele, kisha wanasema hiki ndicho kilichokuwa kinawamaliza. Serikali inawakataza, na wao wanaingia hivyo hivyo. Kwetu waliitwa msimu ule kwa ajili ya mambo mengi, lakini kila mtu alijua ugonjwa wa Mathayo ndio uliowasha moto. Siku mbili kabla hawajafika, baba mdogo Zakaria alimpakia baba kwenye pikipiki, akamfunga kwa kitenge ili asianguke, wakaenda hospitali Kasulu mjini. Kwa hiyo mtu mmoja ambaye angeweza kusimama na kusema nini kilizikwa hakuwepo.

Tulikusanywa kwenye kiwanja tulichokuwa tukichezea mpira, saa nne asubuhi, jua kali. Kiongozi wao alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vizuri. Bibi alinishika bega akanisukuma mbele.

"Mjukuu wangu ameona," alisema. "Sema, Ade."

Nikasema. Watu walikuwa wengi mno, na wote wamenyamaza kwa ajili yangu, na nitakuwa mnafiki nikisema sikulionea fahari jambo hilo kwa dakika moja. Nilipofika mahali pa kusema nilichokiona kwenye majani, nilimeza mate. Nikamwona Mama Yusta. Alikuwa amesimama na kanga yake ya bluu, mikono imekunjwa, ananitazama bila hasira yoyote. Kisha nikamwona mama, naye anatazama vidole vya miguu yake. Nikasema, "Sikuona ni nini."

Walikwenda migombani, nikawaonyesha. Jembe halikupiga mara nyingi. Waliinua majani yaliyooza na mifupa myembamba, na kijana yule hakuwa na haja ya kutoa pembe yake mfukoni siku hiyo, alikuwa amepewa kitu cha kweli. Bibi aliomba apapase. Vidole vyake vilipita kwenye fuvu, vikapita kwenye miguu, vikafika kwenye kwato, na hapo uso wake ukabadilika.

"Ni ndama," alisema. "Ndama asiyetimia." Kisha akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena: "Ndama wa Gaju! Waliniambia hana mimba. Kumbe huyu alimtoa tumboni, akaja kumzika kwake, na mwanangu akaanza kuisha!"

Ndivyo uongo mdogo wa baba, aliousema ili mke wake asirudishwe kwao, ulivyogeuka ushahidi. Kila kitu kilikaa sawasawa. Mimba iliyopotea, ndama aliyeonekana, mtu anayekauka. Hata mimi niliyekuwa najua ukweli nilisikia mwili ukinisisimka, nikajiuliza kama labda Bibi anajua kuliko mimi.

"Mama Yusta, jibu," kiongozi alisema. "Hiki ni kitu gani?"

Sentensi moja ingetosha. Mathayo aliniita, Gaju alitupa mimba, muulizeni mke wake. Mama Yusta aligeuza kichwa akamtazama mama. Mama alikuwa amembeba Tito kifuani, akambana mpaka mtoto akaanza kulia. Hakuinua macho.

"Nimezika kilicho changu," Mama Yusta alisema.

Walimnyoa nywele pale pale. Vijana walipanda kwenye nyumba aliyojengewa na baba yangu, wakang'oa mabati, mengine wakaondoka nayo. Watu niliowajua, watu waliokuwa wakinipa ndizi, walimfuata hadi barabarani wakiita, "Mlozi! Mlozi!" Alichukua jembe, kanga mbili na kuku mmoja, akaenda kwa binti yake Yusta aliyeolewa Kibondo. Nyumbani Bibi alinipa kikombe cha maziwa, akanisifu kwamba nimemwokoa baba. Niliyanywa.

Siku ya tatu mama alitupeleka Kasulu kumwona baba. Mimi nilikuwa na homa njia nzima. Wodini tulikuta tabibu kijana, Mpare nafikiri, mwenye Kiswahili cha taratibu kama cha redioni, amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha baba na karatasi za vipimo. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Kifua kikuu hakuna. Baba mdogo Zakaria alikuwa amesimama dirishani na uso wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba hapa tunapotezewa muda.

"Mzee, nikuulize maswali ya ajabu kidogo," tabibu alisema. "Mnafuga?"

"Ng'ombe watatu."

"Kuna aliyetupa mimba mwaka huu?"

Baba alimtazama mama. Kisha akatazama mlangoni, kana kwamba Bibi angeweza kuwa nje anasikiliza. "Mmoja," alisema.

"Nani alimhudumia?"

"Mimi. Kondo lilikwama, nikalivuta."

Tabibu akaichukua mikono ya baba, akaigeuza, akavitazama viganja kama mtu anayesoma. "Kwa mikono hii hii? Na maziwa mnakunywaje nyumbani?"

Swali dogo tu, la jikoni, na sisi watu wanne tulikaa kimya kama tumeulizwa tulikoficha maiti. Mwishowe mama alisema, "Mabichi. Isipokuwa huyu mdogo. Huyu namchemshia."

"Na huyu mdogo ameumwa?"

"Hapana."

"Umefanya vizuri sana, mama," tabibu alisema.

Mama alikaa sakafuni. Alilia mpaka nesi akaja kuuliza nani amefariki. Miezi yote ile alikuwa amebeba dhambi ya kumuua mumewe, na mgeni wa kwanza kusikia habari zake alikuwa amemsifu.

Walituchukua damu, baba na mimi. Majibu yalipotoka tuliambiwa ni bruselosi, ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao mtu huupata kwenye maziwa mabichi au kwa kushika uchafu wa ng'ombe aliyetupa mimba. Ni wadudu wadogo, alisema, wanajificha mwilini, wanatoka, wanajificha, ndiyo maana homa inakwenda na kurudi. Dawa zake ni za wiki sita, za aina mbili, bila kuruka hata siku moja.

Zakaria alimwinamia baba sikioni. "Wiki sita! Homa gani inatibiwa wiki sita? Hawa wanakujaribia dawa."

Baba naye hakuwa amesadiki. Nilimwona. Alimwuliza tabibu, kwa upole, ng'ombe anawezaje kumdhuru mtu anayempenda. Tabibu akasema ng'ombe mwenyewe ni mgonjwa, hana habari. Baba akafikiri, akasema, "Na aliyemwambukiza ng'ombe?"

"Ng'ombe mwingine, mzee."

"Na huyo mwingine?"

Tabibu alicheka, lakini baba alikuwa anauliza kweli.

Ni hapo mama alipomweleza yaliyotokea kijijini. Alieleza yote, hata vidole vya miguu yake alivyokuwa akivitazama. Baba hakumfokea. Alishusha miguu kitandani akatafuta viatu vyake, akasimama, akaanguka. Manesi wawili walimrudisha.

Alimaliza dozi. Nami nilimaliza yangu. Wiki ya pili jasho lilikoma, ya nne alikula akaomba aongezwe, na siku aliponyoosha mgongo mbele yetu sote bila kushika ukuta, Tito alipiga makofi. Afisa mifugo alikuja akawapima ng'ombe, na Gaju na mwenzake mmoja ikabidi wachinjwe. Bibi aliomboleza siku nne. Baba alipomweleza yote, kisufuria pamoja na ndama, alisikiliza akiwa amegeuzia uso ukutani. Hakumrudisha mama kwao. Alisema tu, "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawanywesha," na tangu siku hiyo mpaka anakufa hakugusa maziwa ya aina yoyote.

Baba alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema ukweli. Watu walimsikiliza kwa heshima. Mzee mmoja alishukuru kwa elimu hiyo ya maziwa, akasema ni nzuri sana. Kisha, tulipokuwa tunatawanyika, nilimsikia akimwambia jirani yake, "Sawa, wadudu. Lakini wadudu hao kwa nini walikwenda kwa Mathayo, na ng'ombe alitoka kwa nani?"

Baba hakutaka kusikia. Alinichukua tukaenda Kibondo.

Tulimkuta Mama Yusta barazani kwa binti yake, anachambua maharage kwenye ungo. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe tupu. Baba alichuchumaa akapiga makofi mepesi, kama tunavyomsalimia mtu tunayemheshimu. "Mwakeye, dada," alisema.

"Mwakeye, Mathayo. Umepona?"

"Nimepona."

"Kabisa?"

"Kabisa. Ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe. Wameuona kwenye damu. Nimesimama mbele ya kijiji nimesema kila kitu, nimekuja kukurudisha nyumbani. Nitaezeka nyumba upya."

"Wakasemaje, hao wa kijiji?"

Baba yangu hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Ule mmoja aliousema ulikuwa umemchosha maisha. Aliinamisha macho kwenye ungo.

Mama Yusta aliendelea kutoa mawe kwenye maharage. "Wewe ugonjwa wako wameutoa damu, wakaupima, ukaonekana, ukatibiwa. Mimi watanitoa nini wapime? Nirudi, halafu siku mtoto wa mtu aamke na tumbo, watakwenda kwa nani?"

Baba alimbembeleza mpaka mchana. Alikataa kwa upole, akatupikia, tukala. Tulipokuwa tunaaga aliniita pembeni.

"Ade. Siku ile migombani, uliziona kwato?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Niliziona."

"Nilijua. Ulipofika hapo ulimeza mate." Aliniweka mkono kichwani. "Ulikuwa unamficha mama yako."

Nikaanza kulia.

"Usilie," alisema. "Hata mimi nilikuwa namficha."

Mama Yusta alifia Kibondo, miaka mingi baadaye, na huko ndiko alikozikwa. Tulikwenda wote. Mama aliingia na kapu la maharage kichwani, akakaa na wanawake jikoni siku tatu, akaosha vyombo vyote, hakumruhusu mtu amsaidie. Sijui kama aliwahi kumwomba msamaha alipokuwa hai. Nilimwuliza mama mara moja tu kwa nini hakusema siku ile. Akanijibu, "Ningerudishwa kwetu, na nyie wawili mngebaki." Nina watoto watatu sasa. Nimejaribu kumlaumu na sijaweza, na nimejaribu kumsamehe, nalo pia ni gumu.

Shuleni ninakofundisha, mtoto akikaa na homa inayokwenda na kurudi, nawaita wazazi nawauliza kuhusu ng'ombe, na wengi hunisikiliza. Nawasimulia habari za baba, mikono yake, tabibu, wiki sita. Nikifika kwenye migomba naruka. Nasema alipona, wanafurahi, tunaagana. Wananiona mwalimu mwenye akili ambaye hakuamini uchawi hata utotoni, nami nawaacha waniamini hivyo.

Kila neno nililolisema kiwanjani lilikuwa kweli isipokuwa la mwisho. Mwanamke mzima alinitazama, akajua kwamba nadanganya, akajua kwa nini, na alikuwa na uwezo wa kuniumbua kwa sentensi moja. Akachagua kutembea hadi Kibondo. Mama yangu yupo hai. Anaishi kwangu, na asubuhi hii amenipikia uji kabla sijaenda kazini. Huyo mama, niliachiwa na Mama Yusta.